Mkazi Mmoja

Basi la saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi halipo tena. Nasema mapema, usije ukasoma mpaka mwisho ukidhani tulilinusuru. Lilikufa Septemba 2023. Ninachotaka kuhadithia ni jioni moja ya Aprili mwaka ule, kumi la mwisho la Ramadhani, nilipokwenda kulitetea nikiwa na tende tatu mkobani na karatasi yenye maneno ya dakika tatu.

Nilikuwa nakaa mashariki ya Uingereza, katika kijiji ambacho ukikitaja mjini watu wanakuuliza, "Hicho kiko karibu na wapi?" Kanisa la mawe, baa moja, shule ya msingi yenye watoto wasiojaza daladala mbili, na kibanda chekundu cha simu kisicho na simu. Wanakijiji walikinunua kwa pauni 1, maana kampuni ya simu imekuwa ikiviuza hivyo kwa vijiji tangu 2008, wakaweka ndani mashine ya kushtua moyo uliosimama na rafu ya riwaya za kuazimana. Duka hakuna. Posta hakuna. Treni iliwahi kupita, ikaondolewa miaka ya 1960, na tuta la reli siku hizi ni njia ya kutembezea mbwa. Mtu asiye na gari pale alikuwa kama yuko kisiwani, na chombo chake cha kuvukia ni lile basi.

Mimi gari sikuwa nalo. Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee mjini, shifti inaanza saa moja na nusu, na basi lilinifikisha na dakika za kubadili nguo. Januari ile serikali ilikuwa imeshusha nauli, pauni 2 kwa safari moja popote uendapo na basi lililo kwenye mpango. Nikamwambia mdogo wangu kwa simu kwamba mambo yamenyooka. Miezi miwili haijapita, likabandikwa tangazo kituoni: basi la alfajiri na lile la mwisho la jioni yanapendekezwa kuondolewa. Nauli nafuu, basi hakuna. Mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa.

Aliyenipeleka mkutanoni ni Bibi. Jirani yangu huyo, ukuta kwa ukuta, alikuwa na miaka 81, na siku ya kwanza tu aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza kama wanavyomwita wote, hata watoto wa shule. Nilijaribu. Ulimi ukagoma. Kwetu Muheza, Tanzania, ukimwita mtu wa umri ule kwa jina lake kavukavu, wanaosikia watauliza umelelewa na nani. Basi wiki ya pili nikamwomba ruhusa nimwite Bibi. Akauliza maana yake. Nikamweleza kwamba ndivyo tumwitavyo mama mzaa mama au mzaa baba, na kwamba heshima yenyewe haihitaji damu. Akafikiri kidogo akiwa ameshika mkasi wa maua.

"Wajukuu wangu wako Australia," akasema. "Haya. Nafasi iko wazi."

Tangu siku ile hata mleta barua akawa ananiuliza, "Bibi yuko?"

Sasa, neno lililonichanganya lilikuwa "parokia." Ubao wa matangazo ulisema baraza la parokia linaitisha mkutano wa mwaka, nami nikajua ni mambo ya kanisa, mimi Mwislamu yananihusu nini. Bibi akanirekebisha. Lina jina la kanisa tu, kanisa lilishatolewa humo na sheria ya mwaka 1894. Ni serikali ya kijiji. Hapo nikaelewa mara moja, kwa sababu marehemu baba alikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji, na nimekulia kwenye mabishano ya kisima, ya mbuzi walioingia kwenye mihogo ya watu, na ya nani amekula hela ya bati za zahanati. Tofauti ni kwamba kwetu mbiu inapigwa jioni kila mtu asikie. Kule wanabandika karatasi nyuma ya kioo, wanafunga kwa ufunguo, halafu wanashangaa watu hawaji.

Safari hii walikuja. Ukumbi wa kijiji una sakafu ya mbao iliyochorwa mistari ya badminton, na hita moja juu ya ukuta inayokuunguza utosi huku miguu inaganda. Tulikuwa kama watu arobaini. Mwenyekiti, karani na kompyuta yake, madiwani saba wa kijiji wasiolipwa mshahara, na meza ya chai nyuma na biskuti ambazo nilikuwa nazitazama kwa jicho la mtu aliyefunga tangu usiku wa manane. Futari siku ile ilikuwa saa mbili kasoro dakika chache. Mkutano ulianza saa moja na nusu. Nikapiga hesabu: zamu yangu ya kusema ingefika baada ya kufungua, inshallah, na sauti itakuwa imerudi.

Kwanza ilikuwa sherehe ya kutawazwa mfalme Charles, tarehe 6 Mei. Vibendera vitafungwa wapi, nani ana ngazi ndefu, na mvua ikinyesha meza zihamie wapi. Wiki ile ile jumba la kifalme lilikuwa limetangaza chakula rasmi cha sherehe, pai ya mayai yenye mchicha wa kizungu, maharage mapana na jani liitwalo tarragon. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akasimama kutoa taarifa kwamba ameijaribu na haina ladha. Likazuka zogo la kweli. Mtu mwenye njaa asiwekwe kwenye kikao kinachojadili pai kwa dakika kumi na mbili.

Kisha mbwa.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kijiji kilipojifunua. Sheria inamtaka mwenye mbwa akizoe kinyesi cha mbwa wake, na watu wanatii, wanakizoa vizuri kabisa kwenye kifuko cha plastiki, wanafunga fundo, halafu kile kifuko wanakining'iniza kwenye tawi la mti na kuendelea na matembezi. Nilikuwa nimeviona kule kwenye tuta la reli, vyeusi na vya buluu, vinacheza kwenye upepo kama viota vya ndege. Mwezi wangu wa kwanza nilidhani ni hirizi. Jioni ile nikamnong'oneza Bibi hivyo, akacheka kwa sauti, mwenyekiti akatutazama juu ya miwani.

Watu walipandisha. Mwanamume mmoja mwenye koti la kijani alikuwa amepiga picha, tarehe na saa chini ya kila picha. Mwingine akasema pipa moja la taka halitoshi, akajibiwa kwamba pipa la pili maana yake ni kulipia wa kulimwaga, na fedha ya baraza ni kijisehemu tu cha kodi ya nyumba, kikiongezwa wao wenyewe ndio watakaolalamika. Mama mmoja alitetemeka midomo alipokuwa anasema. Mimi nimehudhuria mikutano ya ardhi Muheza iliyokuwa na hasira ndogo kuliko ile. Nilipokuwa bado mgeni ningewacheka. Lakini kwa umri wangu najua kwamba watu hugombania lile wanaloliona wakifungua mlango asubuhi, na wao, wakifungua mlango, wanaona gari lao na kifuko cha mbwa. Basi linapita wamelala.

Jua likazama tukiwa kwenye mashimo ya barabarani. Nilitazama simu, nikatia niya, nikafungua kitambaa pajani na kuweka tende mdomoni taratibu. Karanga zingetoa kelele, tende haina kelele. Bibi alikuwa amejiandaa kuliko mimi. Alitoa kwenye mfuko wake wa kufuma chupa ndogo ya chai, akamimina kwenye kifuniko, akanipa bila kunitazama, macho yake kwa mwenyekiti. Ile chai ya maziwa isiyo na hiliki wala tangawizi, siku nyingine ningeiita maji ya kuoshea vikombe. Siku ile niliona sijapata kuonja chai tamu kama ile.

"Kipengele cha tisa," akasema karani. "Basi."

Mzee mmoja aliyeendesha mabasi hadi kustaafu alianza. Alieleza kama anayesoma wasifu wa marehemu. Mwaka 1986, nje ya London, mabasi yaliachiwa soko: kampuni inachagua njia inayolipa, na njia isiyolipa ama halmashauri ya kaunti inailipia ruzuku ama inakufa. Njia yetu ilikuwa ya ruzuku tangu hapo. Sasa halmashauri inabana matumizi, na mabasi ya katikati ya mchana yana wazee wengi, kwa kuwa kitambulisho chao cha kusafiri bure kinaanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi siku za wiki. Wazee wanaandika barua. Wazee wanapiga kura. La alfajiri nani atalisemea?

Nikanyoosha mkono.

Nilikuwa nimefanya kazi ya nyumbani. Wiki mbili nzima niliwahesabu abiria wa asubuhi, na kabla ya kufika barabara kuu hatukupungua sita wala kuzidi tisa. Nikawataja bila majina. Kijana anayeoka mikate, wasichana wawili wanaowahi chuo, mama anayesafisha wodi, mwanamume anayepanga bidhaa dukani, na mimi. Nikasema hawapo ukumbini kwa sababu saa hizi wengine wako kazini na wengine wamelala wapate kuamka kumi na moja. Nikasema katika nyumba ninayofanya kazi, wazee wanaoogeshwa na kuvalishwa kabla ya staftahi wanasubiri mikono, na mikono mingine inashuka kwenye basi lile. Sauti ilitetemeka mwanzoni, halafu ikasimama. Karani alikuwa na saa ya jikoni, ile ya kuchemshia mayai. Ililia nikiwa nimebakiza sentensi moja, na sikuisema.

Mwenyekiti akapendekeza azimio, baraza liiandikie halmashauri kuomba basi la alfajiri libaki. Kabla hajahesabu mikono, yule wa koti la kijani akasimama. Hakuwa mkali. Aliuliza tu, kwa ajili ya utaratibu, kama kura ni ya walioandikishwa peke yao.

Hakunitaja. Hakuhitaji, maana shingo zote ziligeuka upande wangu.

Mimi nilikuwa namjua. Kila Jumapili alasiri alikuja kumwona mama yake pale kazini, na maua ya dukani yenye bei bado imebandikwa. Mama yake nilimchana nywele mimi, asubuhi ile ile. Lakini siku zote alikuwa ameniona na sare, na nywele zangu ndani ya kofia ya plastiki ya jikoni wakati wa chakula, sasa nimekaa na ushungi na koti langu la baridi, hakunijua. Nami mambo ya mgonjwa siwezi kuyasema ukumbini, hata kwa mwanawe. Ndiyo kazi. Nikakaa na jibu langu kooni pamoja na tende ya pili.

Karani akavuta daftari la wapiga kura. Yule mama alikuwa na subira ya watendaji wa vijiji wote niliowajua, akapitisha kidole karatasi kwa karatasi, kisha akalisoma jina langu kwa matamshi ambayo marehemu baba asingeyatambua. Lilikuwemo. Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya taka, kwamba raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi nchini kihalali ana haki ya kuandikishwa, na kwamba kikao cha kawaida ni kura ya madiwani, lakini mkutano wa mwaka ni wa kila aliye katika daftari. Mimi mwenyewe nilijiandikisha mwaka uliotangulia kwa kuwa fomu ilikuja kwa posta na kwetu tumefundishwa kutoidharau barua ya serikali. Sikujua nimesaini nini.

"Asante," akasema mwenye koti, akakaa. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Mikono ikanyooshwa. Bibi alinyoosha wake juu kabisa, na bega lile lilikuwa linamuuma tangu aanguke bustanini. Nilitaka kutazama kama yule bwana naye amenyoosha, lakini tende ya tatu ilikuwa imeanguka chini ya kiti, nikawa nimeinama naitafuta. Nilipoinuka, mwenyekiti alikuwa ameshasema limepita.

Barua ilikwenda. Halmashauri ikajibu kwa heshima zote. Basi likapewa miezi ya kiangazi, shule zilipofunguliwa likaondolewa, nami nikajifunza gari, nikafeli mara moja, nikapata. Hayo hayana utamu.

Wiki tatu baada ya mkutano, sherehe ya mfalme imeshapita na vibendera vimelowa, nilikuwa nasubiri basi asubuhi nikaona karatasi mpya nyuma ya kioo. Muhtasari wa kikao. Kinyesi cha mbwa kilikuwa na aya tatu na azimio la pipa la pili. Pai haikutajwa. Nikashuka hadi kipengele cha tisa nikitafuta mahesabu yangu ya wiki mbili, mwoka mikate, mama wa wodini, wazee wanaosubiri mikono. Kulikuwa na mstari mmoja: *Mkazi mmoja alieleza wasiwasi kuhusu basi la asubuhi.*

Jioni nilimsomea Bibi picha niliyoipiga. Alitaka nirudie. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta.

"Walivyokukodolea macho siku ile," akasema, "kumbe wamekuandika mkazi."

Kuanzia hapo, akitaka kuniita kwa juu ya ua wa miti, hakutumia tena jina langu. "Mkazi Mmoja!" angepaza sauti. "Chai imeiva!"