Mifupa Inapofadhaika Baada ya Ushuhuda

Wapendwa katika Kristo, wiki hii tusome Zaburi ya 6. Daudi anamwambia Bwana kwamba mifupa yake imefadhaika, kisha anathubutu kumuuliza: hata lini?

Nimewafikiria wenzetu waliotibiwa saratani ya koo kwa mionzi. Mionzi huua saratani, nasi tunamshukuru Mungu kwa tiba hiyo. Lakini njiani huharibu pia mishipa midogo ya damu inayolisha taya, hasa taya la chini, ambalo tangu asili halipati damu kwa wingi kama la juu. Hatari huongezeka dozi ikizidi greyi 60 (greyi ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Miezi au hata miaka baadaye jino linang'olewa, na kidonda hakifungi. Mfupa unabaki wazi mdomoni, unauma, unatoa usaha. Kwa wengine taya huvunjika. Madaktari huiita hali hii osteoradionekrosisi.

Mtu huyu alishasimama kanisani akatoa ushuhuda, tukaimba naye. Sasa anaumwa tena na anaona haya kusema, asije akaonekana amemkana Mungu aliyemponya. Wapo hata wanaomuuliza kama imani yake imepungua. Jamani, tusimtwishe mzigo huo! Kidonda cha taya hakifuti kupona kwake saratani, na Daudi hakukemewa kwa kulia mbele za Bwana. Katika zaburi hiyohiyo anakiri kwamba Bwana amesikia sauti ya kilio chake.

Basi ndugu uliyepigwa mionzi, sema. Mwambie daktari wa meno kabla hajang'oa jino lolote, hata kama miaka mingi imepita, kwa maana hatari hii haina tarehe ya kuisha. Ambaye hajaanza tiba akaguliwe meno kwanza. Yakibidi kung'olewa, kidonda kipewe wiki mbili au tatu kipone kabla ya mionzi. Sigara iachwe kabisa. Na ukiona mfupa umejitokeza, rudi hospitali mapema: zipo dawa, upo upasuaji, hata wa kuchukua mfupa wa mguuni kujenga taya upya.

Sisi tunaowatembelea tukumbuke kwamba kutafuna na kuongea kunawachosha. Tupeleke chakula laini, tukae nao, tusiwalazimishe kusimulia. Tuwaombee wiki hii kwa majina yao, pamoja na madaktari wao wa meno, ambao ni nadra sana kuwataja katika maombi yetu.