Kumbukumbu ya mradi: istilahi za mahakama, Kihispania kwa Kiingereza

Sehemu ya jinai imeanza kusimama. Nimeachana na mpangilio wa alfabeti. Sasa istilahi zinafuata hatua za kesi, tangu denuncia (taarifa ya kosa) ipokewe hadi rufaa. Msingi wangu ni sheria ya Uhispania ya mwenendo wa jinai ya 1882, ambayo bado inatumika pamoja na marekebisho yake mengi.

Muda mwingi umekwenda kwa mtu anayeshukiwa. Hadi 2015 aliitwa imputado. Marekebisho ya mwaka huo yaliliondoa jina hilo kwa sababu lilikuwa limeshakuwa doa: mtu alionekana mwovu kabla ushahidi haujapimwa. Sasa katika upelelezi ni investigado, na upelelezi ukifungwa kesi ikasonga mbele huwa encausado. Tafsiri nyingi humwita “defendant” (mshtakiwa) tangu siku ya kwanza. Hiyo ni dhuluma kabisa. Msomaji wa London ataamini mtu ameshafunguliwa mashtaka, kumbe jaji bado anachunguza kama kuna kesi yenyewe. Nimeweka “person under investigation”. Ni refu, lakini halimhukumu mtu. Imputado nimelipa nafasi yake peke yake, maana Chile, Argentina na Meksiko wanaendelea nalo.

Juez de instrucción, jaji anayesimamia upelelezi, nimemwandika “investigating judge”. Uingereza polisi ndio wapelelezi, kwa hiyo kumvalisha cheo cha huko kungeficha kazi yake halisi.

Kwa sentencia, Kiswahili kimenisaidia sana: hukumu ni kitu kimoja, adhabu ni kingine. Sentencia ni hukumu, hata inayomwachia mtu huru, basi ni “judgment”. “Sentence” nimeibakiza kwa adhabu. Auto na providencia zote ni amri, ila auto lazima itoe sababu, hivyo nimeiita “reasoned order”.

Sobreseimiento, yaani kufunga kesi bila hukumu, ndiyo niliyoifurahia zaidi. Ikiwa libre, kesi imefungwa kabisa, kwa mfano kitendo kikionekana si kosa la jinai. Ikiwa provisional, ushahidi umepungua tu, na ukipatikana mwingine jalada hufunguliwa tena. Nimeona zote mbili zikitafsiriwa “acquittal”, na mteja akidhani ameshasafishwa. “Acquittal”, yaani kuachiwa huru kwa kutopatikana na hatia, huja kwa hukumu, baada ya kesi kusikilizwa. Nimeandika “dismissal”, na kivumishi hakiachwi kamwe: “final” au “provisional”.

Kinachofuata ni amparo. Neno litabaki la Kihispania, lakini maelezo yatakuwa mawili. Uhispania ni ombi kwa Mahakama ya Katiba kulinda haki za msingi; Meksiko ni pana mno, hufika hadi kukagua kama mahakama za kawaida zimefuata sheria katika hukumu zao. Nitaanza na Meksiko, kwa kuwa ndiko ilikoanzia, katika katiba ya Yucatán ya 1841.