Miezi minane ya mtaani na leseni ya Texas

Watu wakisikia nimepata leseni ya udaktari Texas, huniuliza habari za mitihani. Mitihani ni migumu, sikatai, ila angalau ina tarehe. Mimi kilichonitoa jasho ni miezi minane niliyokaa mtaani Dar es Salaam baada ya kumaliza intanshipu.

Marekani haina leseni moja ya nchi nzima. Kila jimbo lina bodi yake, na leseni ya Texas haikuruhusu kutibu mgonjwa Louisiana, hata kama ni mwendo wa saa chache kwa gari. Nilipoanza residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, Houston nilikuwa na cheti cha ECFMG, wale wanaohakiki madaktari waliosomea nje, na Texas ikanipa kibali cha mafunzo. Kibali hicho ni cha kutibu ndani ya programu ya mafunzo tu. Ukitaka kusimama mwenyewe, unahitaji leseni kamili.

Step 3, mtihani wa mwisho wa ile mitihani ya leseni ya Marekani, niliifanya mwaka wa pili. Ni siku mbili, na siku ya pili unapewa wagonjwa wa kwenye kompyuta: unaagiza vipimo, saa inasogezwa mbele, anapata nafuu au anazidiwa mbele ya macho yako. Nikafaulu, nikadhani kazi imekwisha.

Kumbe bado fomu ya kuomba leseni. Bodi inataka ueleze ulikuwa wapi tangu utoke chuoni, mwezi kwa mwezi, pasiwe na pengo. Mimi baada ya intanshipu nilikuwa nasubiri ajira kama wenzangu wengi, nikimsaidia shangazi kwenye duka lake la dawa, bila mkataba. Kwanza niliruka miezi hiyo, nikijua hakuna atakayeiona. Wiki tatu baadaye maombi yakarudi. Nikaandika ukweli: sikuwa na kazi, nilisubiri nafasi serikalini, niliishi kwa shangazi. Aya moja tu, wakaipokea. Ningeiandika tangu mwanzo nisingepoteza muda.

Vyeti halisi nilivyovibeba kifuani safari nzima ya ndege havikumshughulisha mtu. Uthibitisho lazima utoke chuoni moja kwa moja, usipite mikononi mwako. Na barua ya mwenendo mwema ilipofika, karani akanipigia: fomu yako inasema Tanzania, barua imetoka Baraza la Madaktari Tanganyika, hii ni nchi gani? Ni swali la haki kabisa. Nikamsimulia 1961 na 1964, Uhuru na Muungano, naye akaandika kimyakimya. Sijawahi kufundisha historia kwa umakini namna ile.

Kisha vidole. Huchukuliwa alama kwa ajili ya ukaguzi wa rekodi za uhalifu, na zangu hazikusomeka. Yule dada wa mashine akanigeuza viganja, akanitazama: "Wewe unafanya kazi hospitali?" Kunawa na kujipaka spiriti kutwa nzima kumekwangua mistari. Akanishauri nipake losheni usiku wiki nzima, nirudi siku ya mapumziko. Nilipaka kama bibi harusi. Mara ya pili zikasoma.

Ukabaki mtihani wa sheria za udaktari za Texas, ambao ukisoma kanuni zao vizuri hausumbui.

Barua pepe sikuisubiri. Kila usiku nilikuwa naandika jina langu kwenye tovuti ya bodi, ambako mtu yeyote anaweza kumtafuta daktari wake. Usiku mmoja likatokea, na namba pembeni. Kwetu kulikuwa asubuhi, nikampigia mama.

"Mama, nimepata leseni."

Kimya kidogo. "Hongera baba. Sasa hii miaka yote ulikuwa unawatibu hao watu bila leseni?"

Nikaanza kumweleza habari ya kibali cha mafunzo. Bado hajakubali.