Siku moja maishani mwangu: mimi ndo yule dada wa fomu

Watu wakiniona na kalamu na rundo la karatasi wanajua nakusanya saini za wazazi za kukubali. Hata wenzangu hapa kliniki ya watoto wananiita dada wa fomu, na wakiniita hivo wanacheka. Sawa, njooni tuzunguke wote siku moja, ya Jumanne iliyopita.

Saa moja na nusu asubuhi nimefika, napanga viti, nahesabu kalamu (zinapotea hizi, sijui watu wanazila). Tunaangalia dalili za usonji (autism) kwa watoto wa miezi 16 mpaka 30, tunatumia dodoso la M-CHAT-R, maswali 20 ya ndiyo na hapana anajibu mzazi. Ukinyoosha kidole kumwonyesha kitu upande wa pili wa chumba, anakiangalia? Umewahi kuhisi labda hasikii? Dodoso lenyewe ni dakika chache tu. Ila kabla ya swali la kwanza lazima mzazi aelewe anaulizwa nini, majibu yanaenda wapi, na kwamba kukataa ni ruksa. Hapo ndo penye kazi yangu.

Saa mbili mpaka saa nne wazazi sita, wote freshi. Akaja pia bibi mmoja na mjukuu wake, mama yuko kazini, na kisheria bibi sio mlezi kwa hiyo hawezi kusaini, tukampigia mama akasema atakuja mwenyewe Alhamisi. Bibi akaninunia. Nimezoea.

Saa nne na robo akaja yule baba.

"Nisaini wapi?" Hajakaa hata. Nikamwambia karibu kiti kwanza kaka, akasema sista mi nina haraka, akachukua kalamu mkononi kwangu akasaini, tena kwenye nafasi ya tarehe. Haya. Nikaanza kumsomea, yeye macho kwenye simu, ndiyo, ndiyo, ndiyo, mtoto kamkalia mapajani anafungua zipu ya begi langu na kuifunga, anafungua anafunga. Nilipomaliza nikamuuliza swali ninalouliza kila mtu: hebu niambie kwa maneno yako mwenyewe, umekubali nini?

"Si mnampima damu."

Nikaweka karatasi chini nikaanza upya. Hamna damu, hamna sindano, ni maswali tu. Akakasirika, sasa kama nimeshasaini shida iko wapi, na nyuma yangu nesi anasema dada foleni hiyo imefika nje. Nikaendelea hivohivo. Nikamwambia haya majibu hayasemi mtoto ana usonji wala hana, ni kama kupepeta tu: pointi 0 mpaka 2 tunaishia hapo, 3 mpaka 7 tunakuuliza maswali ya ziada, 8 kwenda juu anapelekwa moja kwa moja kwa wataalamu, na hata huko wapo wanaokutwa hawana usonji, mwingine amechelewa tu kuongea, mwingine shida ni masikio. Na anayepita leo sio kwamba ndo kapita moja kwa moja. Halafu kile ambacho wengi wetu tunakiruka kwa sababu kinafukuza watu: ukiambiwa usubiri wataalamu, usingizi unaweza kukuruka siku zote hizo. Nikamalizia, ukikataa mtoto anapata huduma zake zote kama kawaida.

Simu ikawekwa chini. "Hata chanjo?"

Hata chanjo, nikasema.

Kumbe mapokezi kaambiwa "pitia pale kwanza ndo uende chanjo", basi akajua fomu yangu ndo tiketi. Yaani haraka yote ile ilikuwa mtoto asikose chanjo! Sasa ndo akaanza kuuliza kama mzazi, jina litakaa wapi, siku moja shule wataliona? Nikamwonyesha, kwenye dodoso kuna namba tu, karatasi yenye jina inafungiwa kabati jingine. Akamwangalia mwanae na ile zipu muda mrefu. "Basi leo hapana. Naongea na mama yake kwanza."

Dakika 40 nzima. Nikapiga mstari juu ya saini, nikaandika amekataa, nikampa maelezo ya kwenda nayo nyumbani, nikamsindikiza mwenyewe dirisha la chanjo. Kisha nikapita mapokezi kuwaomba waache kusema "kwanza". Msimamizi alipoona namba za siku akaniuliza eti umemfanyaje mpaka akakataa. Nilinyamaza, ila moyoni najua siku nzima sikufanya kazi nzuri kuliko ile.

Mchana sijui ulienda vipi. Sauti imekauka, kula nimekula nimesimama. Kuna mama hasomi, akaweka dole gumba, na shahidi lazima asiwe mtu wetu, bahati mzazi mmoja kwenye foleni akajitolea. Wengine siwakumbuki hata sura.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja, mtoto kamlalia begani, mimi miguu inawaka. Nikasoma mbio, akasema sawa, akasaini, akaenda kujibu maswali. Ndo nafunga kabati naona kile kisanduku cha "ameeleza kwa maneno yake" kiko wazi. Sikumuuliza. Kalamu ninayo mkononi, na chumba hamna mtu.

Nimekiacha wazi. Kesho asubuhi nampigia kabla majibu yake hayajaingizwa kwenye kompyuta.