Nilivyokata bima ya fidia ya wafanyakazi Ohio, na ushauri nilioukataa

Kama umefungua kampuni ndogo ya usafi hapa Columbus na mtu akakuambia "wape wote 1099, bima utaikwepa" (1099 ni fomu ya kodi ya wakandarasi wanaojitegemea), tafadhali usimsikilize. Niliambiwa hivyo na watu ninaowaheshimu, tena kwa nia njema, na bado nakereka nikikumbuka, maana siku mtu akivunjika mkono, mshauri hatakuwepo.

Sheria ya Ohio iko wazi. Ukiwa na mfanyakazi hata mmoja, hata wa saa chache kwa wiki, lazima umkatie bima ya fidia, ile inayomlipa akiumia kazini. Karatasi ya 1099 haimgeuzi mtu kuwa mkandarasi. Kinachoangaliwa ni nani mwenye amri juu ya kazi. Mimi ndiye ninayepanga dada aingie saa ngapi, jengo lipi, atumie dawa gani; ndoo na mashine ni zangu. Huyo ni mfanyakazi wangu, basi. Mwenye biashara ambayo haikusajiliwa kama shirika (corporation), kama mimi, ndiye anayeruhusiwa kuchagua kujiingiza mwenyewe kwenye bima au kubaki nje. Mimi nilijiingiza, kwa sababu nadeki pia.

Kilichonichosha ni kujua pa kuinunua. Wakala mmoja wa jimbo jingine alinipigia simu akaniahidi bima moja "inayofunika kila kitu", kwa bei ya kuvutia. Nikamwambia atume karatasi kwanza. Nilizisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka nikafika kwenye orodha ya yasiyolipwa, na hapo ndipo nilipoikuta: majeraha ya wafanyakazi wa mwenye bima. Ilikuwa bima ya layabiliti tu. Inalipa mgeni akiteleza kwenye sakafu uliyoilowesha, lakini mfanyakazi wako akiteleza palepale, hailipi kitu. Nilipombana, akasema basi ataniongezea ya wafanyakazi kutoka kampuni yao. Nikamuuliza ataiuzaje, wakati Ohio, pamoja na Washington, Wyoming na North Dakota, ni majimbo ambayo kampuni binafsi haziuzi bima hiyo, unainunua kwa serikali ya jimbo yenyewe? Akasema atanirudia. Mpaka leo.

Kwa hiyo hapa unakwenda moja kwa moja BWC, ofisi ya jimbo inayosimamia fidia. Mtanzania mwenzangu afikirie WCF: mfuko wa serikali, mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi kwenye mshahara wake. Fomu inaitwa U-3, unaijaza mtandaoni, unalipa kama dola 120 za maombi ambazo hazirudi. Cheti kikija, kibandike wafanyakazi wakione. Wenye majengo nao watakuomba nakala kabla hawajakupa kazi.

Sehemu ya kukaa nayo kwa utulivu ni pale wanapouliza watu wako wanafanya nini. Bima inapigwa kwa kila dola 100 za mishahara, na kiwango kinategemea aina ya kazi. Wengi wanaandika "usafi" wakaondoka. Mimi niliandika kila kitu: kudeki, kupiga vakyumu, kutoa taka, kuosha vyoo, kufuta vioo ambavyo mtu anavifikia akiwa amesimama chini. Maneno hayo ya mwisho yana uzito, kwa sababu kundi la 9014 la kampuni za usafi haliingizi madirisha ya juu. Tulikuwa tumeitwa kuosha madirisha ya ghorofani. Nilikataa ile kazi, na najivunia kuikataa. Halafu kuna mpwa wangu anayeandika ankara na ratiba akiwa ofisini. Huyo nilimtaja peke yake, akawekwa 8810, kazi za ofisini, ambako kiwango ni kidogo sana. Waliniuliza kama huwa anaziba zamu mtu akiumwa. Nikawajibu hapana, na ni kweli: akishika dekio, si mtu wa ofisini tena.

Baadaye dada mmoja aliteleza kwenye ngazi za vigae, usiku, mfuko wa taka mkononi, akaangukia kiganja. Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika. Aliingia hospitali akasema ni ajali ya kazini, ripoti ikaandikwa, hakulipa hata senti ya matibabu. Mshahara alipata asilimia 72 kwa wiki 12 za mwanzo. Ile wiki ya kwanza ililipwa baada ya kukaa nje ya kazi wiki mbili mfululizo. Aliponiambia kodi ya nyumba imelipika, nilishusha pumzi.

Bila bima, BWC wangemtibu vilevile, kisha bili yote ingeletwa kwangu. Naye angeweza kunishtaki mahakamani, na nisingeruhusiwa hata kujitetea kwamba hakuwa mwangalifu. Haya ndiyo wanayokuficha wale wanaokushauri 1099.

Jambo la mwisho ambalo watu hulisahau: mwaka wa bima unaisha Juni 30, na kabla ya Agosti 15 lazima uwapelekee jumla halisi ya mishahara uliyolipa, ilinganishwe na makadirio yako. Hata kama hukumlipa mtu yeyote, ripoti inatakiwa. Andika sifuri, utume.