Shimo la Mungu hadi Rondo, na ndege nyuki begani

Tuliondoka Mtwara alfajiri moja ya mwezi wa Juni, mimi na binamu yangu ambaye ndiye aliyeshika usukani, tukiwa na begi la ndege nyuki (droni) yangu ndogo ambayo kwa kawaida hunipatia riziki kwa picha za harusi na za mashamba ya mikorosho. Safari hii nilitaka kupiga picha za kingo mbili za kusini nilizozitamani kwa muda mrefu: ule wa uwanda wa juu wa Makonde pale Newala, na ule wa Rondo katika Mkoa wa Lindi. Mkobani nilikuwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, nilichokipata baada ya kuzungushwa vya kutosha, nami niliamini kwamba habari ya karatasi imekwisha.

Kupita Nanyamba na Tandahimba hakukuwa na jambo la kusimuliwa isipokuwa vumbi la salfa, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho. Huko Newala mzee mmoja, nilipokwisha kumwamkia, alilitazama begi langu na kuuliza, “Mwanangu, hiyo ndiyo ile inayopulizia salfa kutoka juu?” Nilipomjibu kwamba yangu hupiga picha tu, alionekana kuishusha thamani papo hapo.

Shimo la Mungu ni mahali ambapo uwanda unakatika ghafla, na macho yanashuka hadi bonde la Ruvuma, mto ambao ndio mpaka wetu na Msumbiji. Nilirusha kutoka kwenye uwazi ulio nyuma ya ukingo, nikiwa nimeahidi kutoielekeza ndege upande wa mto, na hapo ndipo nilipojifunza somo ambalo harusi za Mtwara hazikuwahi kunifundisha. Kikomo cha kimo kinachofuatwa katika nchi nyingi ni meta 120 kutoka ardhini, lakini skrini ya rimoti huonyesha kimo kuanzia pale ndege iliponyanyuka. Skrini yangu ilisomeka meta 50, tarakimu ya upole kabisa. Ndege ilipovuka ukingo kwa hatua chache tu, ardhi iliyokuwa chini yake ilikwisha kuporomoka, na mimi nikawa mvunja sheria huku tarakimu ikiwa ile ile. Isitoshe, upepo wa kusi ulikuwa unaupiga ukuta wa mlima na kupanda juu, hivi kwamba nilipoiamuru ndege ishuke ilisitasita na kuyumba kama tiara, na betri ikaisha upesi kuliko nilivyokadiria. Niliidaka kwa mkono ikiwa inalia kwa njaa. Binamu yangu, ambaye hajawahi kuamini kifaa hiki, alicheka hadi akaketi chini.

Siku ya pili tulipitia Masasi, nilikojazia betri zote tatu, kisha Ndanda na Nyangao, na tulipofika Mtama tukaiacha lami na kupanda Rondo. Hewa ilibadilika na kuwa ya ubaridi, na msitu ukatufunika pande zote mbili. Msitu huu ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na unajulikana duniani kwa sababu ya mnyama mmoja mdogo sana, komba wa Rondo, mwenye uzito wa takriban gramu 60, ambaye yumo katika orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa ya kutoweka.

Mhifadhi aliyetupokea alikisoma kibali changu mstari kwa mstari, akakikunja vizuri na kunirudishia. “Hiki kimekupa anga, ndugu yangu,” alisema. “Msitu una mwenyewe, naye anaombwa kwa maandishi kabla ya mgeni kufika.” Sikuwa na la kujibu, maana utaratibu huo si mgeni: hata mpandaji wa Mlima Kilimanjaro hawezi kurusha kifaa kama changu bila kibali cha TANAPA, yaani shirika la hifadhi za taifa, na huko Marekani idara ya hifadhi za taifa ilipiga marufuku jambo hili mwaka 2014, baada ya visa kama kile cha hifadhi ya Zion, ambako kondoo wa milimani walikurupushwa na ndege nyuki hadi watoto wakatengana na kundi.

Nilijaribu kujitetea kwamba ndege yangu haina kelele nyingi na kwamba komba hulala mchana. Alinieleza kwa utulivu kwamba ndege mwindaji aliye na kiota hahesabu kelele, anahesabu kivuli, na ataacha mayai ili kuja kukipiga kivuli hicho. Nilikumbuka utafiti uliofanywa Minnesota na kuchapishwa mwaka 2015, ambao ulipima moyo wa dubu ndege nyuki zikipita juu yao: kwa nje dubu wengi hawakuonyesha dalili yoyote, ilhali moyo wa mmoja wao uliongezeka mapigo zaidi ya 100 kwa dakika. Kwa hiyo maneno yangu ya kwamba “hawajashtuka” yangekuwa ushahidi wa mtu asiyeona. Tena mawimbi ya rimoti hayapiti vizuri kwenye miti mirefu. Ikianguka, nani angekwenda kuitafuta, na angekanyaga nini njiani, huku ile betri ya lithiamu ikiwa imelala juu ya majani makavu ya mwezi wa Juni?

Nilichomoa betri mbele yake bila kuambiwa, nikazifunga peke yake. Usiku alituongoza kwa miguu katika njia ya doria, tochi ikiwa imefunikwa kwa kitambaa chekundu, tukasimama chini ya mti mmoja kwa muda ambao binamu yangu aliuona mrefu mno. Mlio ulitoka juu yetu, mwembamba, ukajibiwa na mwingine kwa mbali. Kamera ya mkononi haikunasa chochote isipokuwa matawi.

Asubuhi mhifadhi aliniandikia kwenye karatasi anwani ya kupeleka maombi na mambo ya kuyataja: tarehe, eneo la kurushia, kimo kutoka ardhini na wala si kutoka miguuni pangu, na jina la atakayekuwa akiitazama ndege kwa macho wakati mimi natazama skrini. Hapo kwenye nafasi ya jina binamu yangu alijaza lake. Tuliteremka Mtama, na betri zote tatu zikarudi Mtwara zikiwa zimejaa.