Dolores Huerta na daftari la mama mkubwa
Kila Jumamosi jioni, katika soko moja hapa Bukavu, mama mkubwa hufungua daftari la likelemba, yaani mchango wa kupeana kwa zamu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akipokea noti za faranga zilizolowa na kunuka sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na kuandika jina la kila mchangiaji kwa herufi kubwa. Nikimtazama, humkumbuka Dolores Huerta, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, ambaye mwaka 1962 alianzisha pamoja na César Chávez chama cha wafanyakazi wa mashambani huko California. Alikuwa ameacha ualimu kwa sababu hakuvumilia kuwaona wanafunzi wake wakija darasani na njaa, bila viatu vya maana. Mgomo wa wavunaji zabibu ulioanza Delano mwaka 1965 ulidumu miaka 5, na Huerta ndiye aliyeketi mezani na wenye mashamba kujadili mikataba, jambo ninalolistahi kuliko hotuba zake zote. Mama zetu wanajua kuchanga. Ushuru wa soko unapopangwa, hawaitwi. Wiki jana mama mkubwa aliniomba nimwandikie barua ya kuomba kikao na wasimamizi, na wenzake 14 wameshatia sahihi. Wasiojua kuandika wamebonyeza kidole gumba.